Jua Linapotua Saa Tisa

Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Likishapanda kidogo ni saa moja, likiwa utosini ni saa sita, likizama ni saa kumi na mbili, na usiku nao unaanza hesabu yake. Mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Bukavu hana haja ya kuelezwa kwa nini iko hivyo. Jijini Nairobi, siku yenye mchana mrefu kuliko zote huizidi ile fupi kuliko zote kwa dakika kama kumi tu. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki saa nzima. Saa ya ukutani na jua la nje ni mashahidi wawili wanaosema jambo lile lile mwaka mzima.

Hapa Stockholm, ninakofanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili, tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika 44 asubuhi, likazama saa tisa kasoro dakika 12 alasiri. Ni saa sita na dakika chache za mchana, na mara nyingi hupita zote chini ya mawingu mazito. Ikifika saa kumi na mbili jioni, wakati ambao kwetu ndipo jua linaaga, hapa giza limeshatimiza saa tatu. Nimewasikia Waswahili wengi wakilitania jambo hili katika mwaka wao wa kwanza. Mwaka wa pili au wa tatu, baadhi yao huacha kulitania.

Mmoja wao ni mama wa makamo, mwenyeji wa Tanga. Baadhi ya maelezo yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Alikuja mwezi wa Novemba akilalamika kuwa amechoka. Damu ilipimwa: hakuwa na upungufu wa damu, tezi ya shingoni ilikuwa sawa, sukari ilikuwa sawa. Alikuwa akilala saa kumi na moja kwa siku na kuamka kama mtu aliyetwanga usiku kucha. Alikula mkate na mahamri mpaka nguo zikambana, yeye ambaye hakuwa mlaji. Simu za ndugu zilikuwa zinaita mpaka zinakatika. Kikundi cha upatu alikuwa ameacha kwenda, akisingizia baridi. Nilipomuuliza Novemba ya mwaka uliopita alikuwaje, alinyamaza, akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Hivi hivi. Na mwaka juzi pia. Ikifika Aprili napona mwenyewe."

Jibu hilo lilinieleza zaidi ya vipimo vyote vya damu. Kuna aina ya sonona inayokuja na majira na kuondoka na majira. Huanza siku zinapofupika, hukaza Desemba na Januari, na huachia siku zinaporefuka. Ili tuseme kwamba ndiyo hiyo, tunataka tuone imejirudia angalau miaka miwili mfululizo katika majira yale yale, na kwamba haina sababu nyingine iliyo wazi, kama vile kukosa kazi kila baridi ikiingia. Ina sura yake pia. Sonona tuliyoizoea kuisikia humnyima mtu usingizi na kumkatia hamu ya chakula. Hii ya majira ya baridi mara nyingi hufanya kinyume: usingizi usiokwisha, tamaa ya wanga na vitu vitamu, uzito kuongezeka, mikono na miguu mizito, na kujitenga na watu. Kwa jirani, na hata kwa mgonjwa mwenyewe, dalili hizo zinafanana mno na uvivu. Nadhani hilo ndilo linaloumiza kuliko yote, kwa sababu wengi wanaofika kwangu ni watu ambao hawajawahi kuitwa wavivu maishani mwao.

Ugonjwa huu ulipewa jina na mhamiaji kutoka Afrika. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Johannesburg na kusomea udaktari huko, akahamia Marekani mwaka 1976. Majira ya baridi ya New York yalimwonesha jambo ambalo jua la kwao halikuwahi kumwonesha: kwamba nguvu zake zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja na mwanga. Baadaye, kwenye Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili huko Bethesda, Maryland, yeye na wenzake walikutana na mhandisi aliyeitwa Herb Kern, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandika daftarini jinsi hali yake ilivyobadilika kufuata misimu. Kern alikuwa ameshashuku kwamba mwanga ndio mhusika. Walimweka mbele ya taa kali, akapata nafuu. Mwaka 1984 Rosenthal na wenzake walichapisha maelezo ya ugonjwa pamoja na tiba yake ya taa. Daftari la Kern hunijia akilini kila mgonjwa anaponiambia hakumbuki mwaka jana alikuwaje.

Mwanga unamfanyaje mtu? Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna vifundo viwili vidogo vyenye seli kama 20,000 kwa jumla. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Ndiyo inayoamua joto la mwili lishuke lini, njaa ije lini, na homoni ya usiku iitwayo melatonini iingie lini kwenye damu. Saa hii ikiachwa peke yake bila kuona mwanga, mzunguko wake huzidi kidogo saa 24. Kwa hiyo kila siku inahitaji kusukumwa irudi mahali pake, na kinachoisukuma hasa ni mwanga wa asubuhi. Mwanga huo hupitia machoni, lakini hautegemei tu zile seli zinazotuonesha sura na rangi. Retina ina seli nyingine chache, zenye kemikali iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake ni kupima ukali wa mwanga na kuipasha habari saa ya ubongo. Utendaji wake ulidhihirishwa mwaka 2002, juzi tu. Wapo vipofu wasioona chochote ambao seli hizo zimebaki hai, na miili yao huendelea kujua kumekucha.

Basi fikiria asubuhi ya Desemba. Mtu anaamshwa na kengele ya simu, anaoga, anapanda basi, anaanza kazi, huku ubongo wake ungali kwenye usiku. Kwa baadhi ya watu saa ya mwili hubaki nyuma ya saa ya ukutani majira yote ya baridi. Hiyo ndiyo hoja ya Alfred Lewy, ambaye mwaka 1980 yeye na wenzake walionesha kwamba mwanga mkali huzima melatonini ya binadamu. Katika jaribio lao mwanga wa luksi 2,500 ulitosha kuizima, ule wa luksi 500, ambao ni kama wa ofisi iliyowashwa vizuri, haukutosha. Watafiti wengine huitazama zaidi serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo. Wanaendelea kubishana, na mimi sioni kwamba mgonjwa anahitaji kungoja wamalize.

Hapa nataka kuondoa dhana moja ninayoisikia karibu kila wiki: kwamba ni baridi ndiyo inayoumiza. Makete hupata baridi kali kiasi cha umande kuganda asubuhi za Juni na Julai, lakini jua la huko halichelewi, na ikifika saa mbili watu wako mashambani wakiwa na mwanga tele usoni. Mtu akiamini adui ni baridi, atafanya kila liwezekanalo ajifungie ndani: mapazia yameshushwa, blanketi, taa ya kahawia ya pembeni. Anajikinga na kitu kisicho na kosa kubwa na kujinyima kile anachokihitaji. Sebule ya kawaida jioni ina luksi mia moja au mia mbili, pengine hata pungufu. Nje, hata siku yenye mawingu, mwanga wa adhuhuri ni mara nyingi zaidi ya huo, na theluji ikianguka huurudisha juu na kuuongeza. Jua kali la kwetu saa sita mchana hufika luksi 100,000. Macho yetu hayatuelezi tofauti hiyo kwa sababu yanajirekebisha upesi, lakini zile seli za melanopsini zinaihesabu.

Dhana ya pili ni ya vitamini D. Ni kweli kwamba katika nchi hizi, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua liko chini mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini hiyo, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Ukiwa mhamiaji kutoka kwetu, omba upimwe, na ukikutwa na upungufu umeze vidonge kama ulivyoelekezwa, kwa ajili ya mifupa na misuli yako. Lakini kidonge hicho si badala ya mwanga. Njia ya vitamini D ni ngozi, njia ya saa ya mwili ni jicho, na weusi wa ngozi hauizuii hii ya pili, wala buibui haliizuii. Kioo cha dirisha huzuia ile miali inayotengeneza vitamini D, lakini huruhusu mwanga wa kuiamsha saa ya mwili upite. Kwa hiyo kunywa chai ukiwa umekaa dirishani kuna faida, ingawa si kwa mifupa.

Sasa taa. Taa ya tiba ni boksi bapa lenye mwanga mweupe wa luksi 10,000. Mtu hukaa mbele yake dakika 20 hadi 30 kila siku, mapema, ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka. Huitazami moja kwa moja. Unaiweka mbele, kwa pembeni kidogo, macho yakiwa wazi, huku unakula, unasoma au unashughulika na jambo lako. Wengi huanza kuhisi nafuu katika wiki ya kwanza au ya pili. Mwaka 2006 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya watu 96 waliofuatiliwa kwa wiki nane, wengine wakitumia taa ya namna hii na wengine dawa ya sonona iitwayo fluoxetine. Pande zote mbili waliopata nafuu walikuwa asilimia 67. Kwa kifaa kisicho na kemikali yoyote, hilo si jambo dogo.

Wanaoniambia "nilijaribu, haikunifaa" huwa nawaomba waniletee taa yenyewe, au picha yake. Mara nyingi ni kitaa kidogo cha mezani, na kwenye karatasi ya maelezo imeandikwa kwamba hizo luksi 10,000 zinapatikana ukiisogeza sentimita 10 kutoka usoni. Hakuna anayekunywa chai hivyo. Mwanga hupungua haraka sana kadiri unavyosogea. Ukizidisha umbali mara mbili unaweza kubaki na robo tu. Kabla ya kununua, soma umbali. Ukipata boksi kubwa linalotoa kiwango hicho kwa sentimita 40 au zaidi, utaweza kukaa kama binadamu anavyokaa. Hakikisha pia inachuja miali ya urujuanimno. Wala usiende kulala kwenye mashine za kubadilishia rangi ya ngozi ukidhani ni kitu kimoja; zile hutoa miali hiyo kwa makusudi, nayo hudhuru ngozi na macho.

Si kila mtu aanze peke yake. Mwenye ugonjwa wa retina, mwenye kisukari kilichogusa macho, na anayemeza dawa zinazoongeza wepesi wa kudhurika kwa mwanga, amwone daktari kwanza. Mwenye historia ya vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala siku kadhaa bila kuchoka na kutumia fedha ovyo, asiguse taa hii bila daktari, kwa sababu inaweza kumrusha upande huo. Wengine hupata maumivu ya kichwa au macho kuchoka siku za mwanzo. Kusogea nyuma kidogo au kupunguza dakika husaidia. Na usiiwashe jioni. Utakuwa unauambia ubongo kwamba alfajiri imefika wakati wa kulala.

Kuna kundi ambalo hunisumbua moyo zaidi: ndugu zetu wa kazi za usafi na za kuhudumia wazee. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anafagia ofisi ambazo hazijawashwa taa, anarudi saa tisa alasiri jua limeshazama. Kati ya Novemba na Januari anaweza kupitisha wiki nzima bila kukutana na mchana. Huyo namwambia ashike mapumziko yake ya saa sita kwa mikono miwili na atoke nje, dakika 20 za kutembea, hata kukiwa na mawingu, hata akila mkate wake akiwa amesimama. Wa zamu ya usiku ana shida ngumu zaidi, kwa maana mwanga ukimjia saa isiyofaa humvurugia usingizi wa mchana, na kwake siwezi kutoa kanuni moja gazetini. Azungumze na daktari wa kazini, na kama kuna uwezekano wowote wa kuhamishiwa zamu ya mchana kwa miezi hiyo, auombe.

Taa haitibu kila kitu. Mama wa Tanga alikuwa na wazo lililomkalia kifuani: kwamba baridi ni gereza, na yeye anatumikia kifungo hadi Aprili. Mtu mwenye wazo hilo huacha kupika, huacha kualika, huacha kwenda arusini, na kila anachokiacha kinamwongezea ushahidi kwamba maisha yamesimama. Tiba ya mazungumzo hulishika wazo la namna hiyo na kulipima, kisha humrudisha mtu kwenye shughuli moja moja kwa tarehe na saa, bila kungoja hamu ije. Kelly Rohan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, waliwafuatilia watu 177 waliotibiwa kwa wiki sita, wengine kwa taa, wengine kwa mazungumzo. Mwaka huo wa tiba walipata nafuu sawasawa. Lakini majira ya baridi ya pili yaliyofuata, kama walivyoripoti mwaka 2016, ugonjwa uliwarudia kama asilimia 27 ya wale wa mazungumzo, dhidi ya kama asilimia 46 ya wale wa taa. Naelewa kwa nini. Taa hufanya kazi ukiiwasha, na watu huacha kuiwasha. Ulichojifunza juu ya mawazo yako hubaki nawe.

Dawa nazo zipo, na kwa sonona nzito sisiti kuziunga mkono. Anayepata mawazo ya kujiua au ya kutamani asiamke tena asingoje taa wala miadi: katika nchi za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112, na akishindwa kupiga, amwambie aliye karibu naye ampigie.

Dada yake mama huyu, aliyeko Tanga, alimshauri asomewe. Mimi sikumzuia, na sijawahi kumzuia mtu. Kisomo kilimliwaza na kilimfanya ajue kwamba nyumbani wanamwombea. Kilichomuumiza ni maneno ya wengine kwenye simu: huko ulaya unaumwa nini, umeshiba, umesahau shida. Desemba ya Tanga ni joto, arusi na maembe; kumweleza mtu aliye katikati ya hayo kwamba unalia kwa sababu jua limetua saa tisa ni kazi ngumu. Nilimpa jibu fupi la kuwapa: daktari amesema mwili wangu unakosa mwanga, kama mwili unavyokosa damu. Wakaelewa. Nao wenyeji wa nchi hizi, waliozaliwa humu humu, hawalidharau giza. Wasweden huweka taa kwenye kila dirisha kuanzia mwisho wa Novemba, na tarehe 13 Desemba watoto huvaa mavazi meupe na kuandamana na mishumaa asubuhi. Huko Rjukan, Norway, mji ulio bondeni usiopata jua kwa karibu nusu mwaka, mwaka 2013 walisimamisha vioo vikubwa mlimani ili kurushia jua kwenye uwanja wa mji. Mhamiaji asione haya kununua taa moja.

Wa kwetu hawa, nikiwapata mapema, nawaambia waanze mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla hali haijashuka. Wakati huo mchana wa Stockholm hupungua kwa dakika tano hivi kila siku, na mwili unalihisi hilo kabla ya akili. Kuamka kuwe saa ile ile, Jumamosi na Jumapili pia. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Pombe, kwa anayeitumia, huongeza uzito wa huzuni na kuharibu usingizi. Na kuwe na daftari, hata mstari mmoja kwa wiki.

Jambo la mwisho ni Januari. Tangu tarehe 22 Desemba siku huanza kurefuka, magazeti huandika, watu hupongezana, na wengi huiweka taa kabatini. Lakini nyongeza hiyo ya mwanzo huonekana jioni. Asubuhi huendelea kuchelewa mpaka siku za mwisho za Desemba, na hata mwisho wa Januari jua bado huchomoza kama saa mbili. Mwanga wa asubuhi, ule tunaouhitaji zaidi, ndio unaochelewa kurudi. Mama wa Tanga aliizima yake tarehe 3 Januari mwaka wa kwanza wa kuitumia, na kabla ya tarehe 15 alikuwa amerudi kulala mchana kutwa.

Siku hizi taa yake iko juu ya meza ya jikoni, karibu na mswala. Akimaliza sala ya alfajiri, ambayo Desemba huanguka saa kumi na mbili na nusu hivi, huiwasha na kusoma Kurani mbele yake nusu saa, kisha hupika uji. Mwaka huu ameianza tarehe 1 Oktoba, na kwenye kalenda ya ukutani ameandika kwa kalamu nyekundu siku ya kuizima: 31 Machi.